Unataka Kuwa Mkufunzi wa Mbwa? Uliza Kwanza Nani Atakutazama

Katika nchi nyingi duniani, mtu anaweza kuamka kesho akajitangaza kuwa mkufunzi wa mbwa, akaanza kupokea malipo, na asiwepo wa kumwuliza alisomea wapi. Ujerumani ni miongoni mwa nchi chache zilizoziba mwanya huo. Tangu Agosti 2014, kwa mujibu wa kifungu cha 11 cha sheria yake ya kuwalinda wanyama, anayefunza mbwa wa watu kibiashara, au anayewaelekeza wenye mbwa namna ya kuwafunza, sharti apate kibali cha mamlaka na aonyeshe kwamba kazi anaijua. Kwingi kwingineko kazi hii imeachwa huru, na palipo na uhuru kwa mkufunzi pana uhuru pia kwa anayejinadi kuwafundisha wakufunzi. Ndiyo maana kijana anayewapenda mbwa na anayetaka kazi hii iwe riziki yake hukuta kozi za kila namna: za wikendi moja, za wiki kadhaa za kulala hukohuko, za miaka miwili kwa njia ya mtandao. Zote zinaishia kwenye cheti chenye muhuri, na matangazo yake yanafanana kiasi kwamba huwezi kujua ipi ni shule na ipi ni duka la vyeti.

Ushauri anaopewa kijana huyo mara nyingi ni wa kulinganisha ada, muda na umaarufu wa mwenye kozi. Naona ushauri huo unamwacha palepale alipokuwa. Kuna jambo moja ambalo mimi ningelitanguliza kabla ya yote: katika kozi hii, je, yuko mtu mjuzi atakayenitazama nikiwa na kamba mkononi na mbwa mbele yangu, anisahihishe, nirudie, anisahihishe tena? Kama hayupo, kinachouzwa hapo ni vitabu na video. Vitabu ni vizuri na mkufunzi asiyesoma hafiki mbali, lakini kusoma peke yake hakujamfanya mtu yeyote kuwa fundi wa kazi inayofanywa kwa mikono, macho na sauti.

Tuchukue somo dogo kuliko yote, la kumfunza mbwa kukaa. Mwanafunzi anatamka neno, mbwa anashusha makalio hadi sakafuni. Mwanafunzi anafurahi, anatia mkono mfukoni, anatafuta kipande cha nyama, anakipata, anainama kumpa. Katika muda huo mfupi mbwa amekwisha kunyanyuka, mguu mmoja uko mbele, pua inaufuata mfuko. Nyama inamfikia akiwa amesimama. Mwanafunzi ataapa kwamba amemlipa mbwa kwa kukaa. Mbwa yeye amelipwa kwa kunyanyuka na kunusa mfuko, na kwa kuwa ni mnyama makini, hilo ndilo atakalolifanya zaidi mara ijayo. Rudia hivyo kwa nusu saa na utapata mbwa anayegusa sakafu na kuruka papo hapo, na mtu anayelalamika kwamba mbwa wake ni mkaidi.

Kosa hilo mwenye kulifanya halioni, kwa sababu macho yake yako kwa mbwa na si kwenye mkono wake mwenyewe. Mwalimu aliyesimama pembeni analiona mara moja. Anaona pia kwamba mkono wa mwanafunzi hutangulia kusogea kabla ya neno kutoka, na kwa hiyo mbwa anafuata mkono na neno lenyewe hajalijua. Anaona kwamba mwanafunzi, mbwa akisita kidogo tu, hulirudia neno mara tatu kwa sauti inayozidi kupanda, akimzoesha mbwa kwamba wito wa kwanza hauna maana. Atamwambia: "Funga mdomo, hesabu moja mpaka tatu, ngoja." Nusu ya ukufunzi imo katika marekebisho madogo kama hayo, na hakuna video iliyorekodiwa mwaka jana inayoweza kuyatoa, maana video haikujui wala haikuoni.

Kanuni zenyewe za namna mnyama anavyojifunza si siri ya shule yoyote. Mwaka 1898 Edward Thorndike alieleza jinsi paka waliofungiwa ndani ya masanduku walivyojifunza kujitoa: tendo lililoleta matokeo mazuri lilirudiwa, lisilofaa likaachwa. Ivan Pavlov akaonyesha jinsi mlio usio na maana unavyoweza kumfanya mbwa adondokwe na mate ukishafuatana na chakula mara za kutosha. B. F. Skinner aliandika mwaka 1951 makala kwa wasomaji wa kawaida akiwaeleza namna ya kufunza wanyama kwa ishara ya sauti inayofuatiwa na chakula. Wanafunzi wake wawili, Keller na Marian Breland, walikwisha kuacha chuo katika miaka ya 1940 wakafanya biashara ya kufunza wanyama wa maonyesho na matangazo. Karen Pryor, aliyeanza na pomboo kule Hawaii katika miaka ya 1960, alikuja kuwa miongoni mwa walioipeleka mbinu hiyo kwa wenye mbwa kwa kutumia klika, kile kidude kidogo kinacholia kinapobonyezwa. Yote haya yanaweza kusomwa kwa wiki chache. Shule inayojitangaza kuwa na "siri" au "mfumo wa kipekee" usiopatikana popote inakuambia jambo juu yake yenyewe, na si jambo zuri.

Kilicho kigumu ni kuzifikisha kanuni hizo kwenye vidole, na hapo historia ina mfano ninaoupenda sana. Marian Breland, baada ya kuolewa na mkufunzi mwenzake Bob Bailey, aliendesha pamoja naye mafunzo ya wakufunzi ambamo mnyama wa kujifunzia alikuwa kuku. Kuku ana haraka kuliko mbwa, anadonoa na kugeuka kabla hujajua kilichotokea. Hana mapenzi na wewe wala hakubembelezi. Ukichelewa kumlipa, au ukimtaka afanye kikubwa mno kwa hatua moja, anakwenda zake. Mbwa, kwa bahati mbaya ya mwanafunzi, ni mvumilivu: anaweza kujifunza licha ya ufundishaji mbovu, na mwalimu mbovu akajiona hodari. Si lazima kozi yako iwe na kuku. Lakini iulize ina mazoezi gani ya kunoa wakati na jicho kabla ya kukukabidhi mbwa wa mtu. Shule iliyofikiri juu ya kazi yake itakutajia mazoezi ya kulipa bila mbwa, ya kubonyeza klika pale tu mpira unapogusa ardhi, ya kujirekodi na kujitazama pamoja na mwalimu. Isiyofikiri itakujibu kwamba wanafunzi wake "hujifunza kwa vitendo", na basi.

Suala la pili ni mbinu, na hapa sitajifanya sina upande. Mwaka 1910 Konrad Most, aliyefunza mbwa wa polisi Ujerumani, alichapisha kitabu kilichoweka nguvu na kulazimisha katikati ya mafunzo, na urithi wake ungali hai katika kola za kubana na kamba za kuvutwa kwa ghafla. Juu ya urithi huo likaongezwa wazo la kwamba mbwa ni mbwamwitu anayegombea ukuu nyumbani, na kwamba mwenye mbwa lazima amshinde. Wazo hilo lilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolf Schenkel, uliochapishwa 1947, juu ya mbwamwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel. David Mech, ambaye kitabu chake cha 1970 kilisaidia kulieneza, alikuja kuandika mwaka 1999, baada ya kuwatazama mbwamwitu porini kwa miaka mingi, kwamba kundi la kawaida ni wazazi na watoto wao, na kuliona kama uwanja wa vita vya ukuu ni kulipotosha. Mtu aliyechangia kulisimamisha wazo ndiye aliyesema liondolewe. Kozi inayoendelea kukufundisha kumlaza mbwa chali ili ajue bosi ni nani, miaka yote hii baadaye, ama haisomi au inasoma na kupuuza.

Ushahidi juu ya mbwa wenyewe nao umejengeka. Watafiti nchini Ureno mwaka 2020 waliwalinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali: waliofunzwa katika shule zinazotumia maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa somo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya mafunzo kuliko ya wenzao waliofunzwa kwa tuzo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichambua mafunzo ya mbwa 63 wenye matatizo wanapokuwa nje bila kamba, kama vile kutoitika wanapoitwa, na hawakuona kwamba kola ya umeme ilikuwa na faida yoyote juu ya tuzo. Wales ilikwisha kuzipiga marufuku kola hizo mwaka 2010. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama, AVSAB, kilitoa tamko kwamba mbinu za tuzo ndizo za kutumia kwa mbwa wote, wakiwemo wenye ukali. Kwa hiyo ukiambiwa na mwenye kozi kwamba tuzo ni za watoto wa mbwa na mbwa wa maana wanahitaji mkono mzito, unajua umesimama wapi.

Tatizo ni kwamba matangazo hayasemi hivyo. Kila shule siku hizi inajiita ya kisasa, ya upole, ya kisayansi. Kuna maswali matatu ambayo wakufunzi wengi makini huwahimiza wenye mbwa wayaulize kabla ya kumkabidhi mtu mbwa wao, nayo yanafaa pia kuulizwa shule: mbwa akipatia, ni nini hasa kinampata? Akikosea, ni nini hasa kinampata? Na je, ipo njia nyingine inayomsumbua kidogo zaidi? Sisitiza neno "hasa". Jibu la "tunamrekebisha" au "tunatumia nguvu ya kiasi" halijajibu kitu. Omba waeleze mkono unafanya nini, kola ni ya aina gani, mbwa anahisi nini shingoni.

Halafu nenda ukaone. Ukikubaliwa kukaa kwenye kona ya darasa kwa saa moja, acha kumtazama mwalimu, watazame mbwa. Yupo anayelamba midomo ilhali hakuna chakula? Anayepiga miayo, anayegeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, aliyeinamisha masikio na kukunja mkia chini ya tumbo? Yupo aliyetulia mno, mdomo umefungwa, mwili mkavu kama ubao? Mgeni humsifia mbwa huyo kwa utulivu, kumbe amekakamaa kwa hofu. Sikiliza pia kinachotokea mbwa anaponguruma. Mwalimu anayemwadhibu kwa kunguruma anamfunza kuacha kuonya, na mbwa aliyeacha kuonya ndiye anayekuja kung'ata bila mtu kutarajia. Mwalimu anayejua kazi atamwondoa kwanza mbwa kwenye kinachomtisha, kisha atawaeleza wanafunzi alichokiona sekunde kadhaa kabla ya mngurumo. Huyo ana jambo la kukufundisha. Shule inayokataa katakata mtu kutazama darasa lake, hata kwa utaratibu wao wenyewe, mimi nisingeipa pesa yangu.

Jambo linalosahaulika kuliko yote katika mitaala ni binadamu. Anayekulipa ni mtu, na muda mwingi wa kazi utakuwa unamfundisha mtu. Mbwa wa familia hufunzwa na wale anaoishi nao. Wewe uko naye saa moja kwa wiki. Fika nyumbani kwa watu wanne: mama anamwambia mbwa "shuka", baba anamwambia "lala", mtoto mkubwa anasema "toka" na mdogo anamsukuma kwa mikono miwili, wote wakimaanisha kitu kilekile, kwamba ashuke kwenye kochi. Baba anaamini mbwa anamdharau. Mtoto mdogo amekuwa akimpa biskuti kwa siri kila anapopanda. Kumfunza mbwa huyo kushuka ni kazi ya dakika chache. Kuwafanya watu wanne wakubaliane neno moja, bila kumwaibisha baba mbele ya wanawe na bila kumfanya mdogo ajione mkosaji, hapo ndipo pana kazi. Kisha uwape zoezi dogo kiasi kwamba watalifanya kweli, na wiki ijayo uwaulize limekwendaje kwa namna ambayo hawatakudanganya.

Kozi nyingi hugusia haya katika somo moja la mwisho liitwalo mawasiliano au huduma kwa wateja, pamoja na bima na kupanga bei. Uliza: nitafundisha mtu mwenye mbwa wake, mkiwa mnanitazama? Mara ngapi? Kama mwanafunzi anahitimu akiwa amewafunza mbwa wa shule tu, waliokwisha kuzoea na wanaojua kila kitu, atapata mshtuko siku ya kwanza kazini, na atakayelipia mshtuko huo ni mbwa wa watu.

Mtaala mzuri unafundisha pia mahali pa kukomea. Mbwa mpole aliyeanza ghafla kunguruma anapoguswa kiunoni huenda ana maumivu, na tuzo zote duniani hazitatibu nyonga. Madaktari wanaoshughulikia tabia za wanyama wameeleza katika uchambuzi wa mwaka 2020 kwamba, kwa makadirio ya tahadhari, karibu theluthi ya mbwa na paka wanaoletwa kwao kwa tabia sumbufu wana aina fulani ya maumivu. Kwa hiyo kozi ikufundishe kuuliza historia ya afya, kuandika kumbukumbu zinazoeleweka, na kumpeleka mteja kwa daktari wa mifugo bila kuona haya. Ukikuta kozi fupi inayokuahidi kwamba utatoka ukiwa "mtaalamu wa tabia" anayeshughulikia mbwa wanaong'ata, hiyo inakuweka hatarini wewe na watoto wa wateja wako.

Sasa kuhusu vyeti. Cheti cha shule husema umeimaliza shule hiyo. Uthibitisho wa chombo huru ni kitu kingine: mtihani unatungwa na watu wasiokuwa na faida yoyote kwa wewe kufaulu. Chombo kinachojulikana zaidi ni CCPDT cha Marekani, kilichoanzishwa 2001, ambacho kwa cheti chake cha msingi hudai uwe na angalau saa 300 za kufunza mbwa ndani ya miaka mitatu kabla ya mtihani. Uingereza kuna ABTC, inayoweka viwango vya maarifa na vitendo na kuorodhesha wanaovitimiza. Kozi nzuri inajua vyombo hivi na inakueleza waziwazi itakufikisha umbali gani kuelekea huko. Hata hivyo nisikuongezee imani kuliko inavyostahili: mtihani wa kuchagua majibu hupima kichwa, mkono haupimi. Ndiyo maana zile saa 300 zina uzito kwangu kuliko alama zenyewe, ilimradi kuna saa ndani yake ambazo mtu alikuwa anakutazama.

Na kabla ya kulipia chochote, jiulize unataka mbwa wa kazi gani. Anayetamani kuwaandaa mbwa wa kuongoza wasioona hahitaji kununua kozi ya jumla. Mashirika ya kazi hiyo, kuanzia The Seeing Eye iliyoanzishwa Marekani mwaka 1929, kwa kawaida huajiri wanagenzi na kuwafunza wenyewe kazini kwa miaka kadhaa. Mbwa wa polisi na wa jeshi nao wana njia zao za ndani. Nimesikia watu waliotumia akiba yao kwenye shule binafsi iliyowaahidi milango hiyo, wakaja kugundua kwamba mlango wenyewe ulikuwa ni kujibu tangazo la kazi tu.

Kwa wengi, shule bora iko mbali au ada yake haifikiki, na kozi ya mtandaoni ndiyo pekee inayowezekana. Siikatai. Ila ichague kwa kigezo kilekile: iwe inakutaka utume video zako ukiwa kazini, na zirudi zikiwa na maelezo ya mwalimu kwa kila sekunde aliyoona kitu, si "vizuri sana, endelea". Omba kuona mfano wa maelezo kama hayo kabla ya kujiandikisha. Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, na kama mtu amewahi kufelishwa. Kozi ambayo hakuna aliyewahi kufeli haipimi kitu. Tafuta wahitimu wawili au watatu wewe mwenyewe, nje ya wale waliowekwa kwenye tangazo, uwaulize wanafanya nini sasa na ni nini walilazimika kujifunza baadaye ambacho shule haikuwapa. Huku ukiendelea, jitolee kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Huko utakutana na mbwa wa kila umri na kila hofu, na pengine mfanyakazi wa siku nyingi atakayekubali kusimama kando yako kwa robo saa, akakwambia umechelewa kulipa.